Tulipeleka Msaada Mwaloni, Tukaitwa Watu wa Kampeni

Swali. Mama mmoja, kiongozi wa kitengo cha diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, katika usharika ulioko Nyakato, Mwanza, anaeleza kwamba majuma machache kabla ya Pasaka walivuka kwenda kwenye mwalo mmoja, yaani kambi ya wavuvi ufukweni, wa wilaya ya Ukerewe wakiwa na unga wa mahindi, sabuni na nguo. Waliwakusanya wanawake wanaoanika dagaa, wakaimba, wakahubiri, wakagawa vitu na kupiga picha. Wanawake hao, ambao wengi ni Waislamu na wengine hufuata mila zao tu, walishukuru bila uchangamfu. Bibi mmoja alikuwa amewapikia ugali wa muhogo na dagaa, lakini hawakula kwa sababu boti ilikuwa inaondoka. Baadaye walisikia kwamba sehemu ya unga imeuzwa dukani, na mzee mmoja aliwaambia waziwazi: "Mmekuja kama watu wa kampeni." Mama huyu anauliza walikosea wapi, kama waendelee kuwaendea watu wa dini na desturi tofauti na zao, kama waache kuhubiri, na wazifanyie nini fedha zilizokwisha kuchangwa kwa safari ya Krismasi.

Jibu. Mama mpendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jambo lililo zito kuliko yote katika barua yako umelitaja kwa nusu sentensi, kisha ukapita: chakula cha yule bibi. Umeeleza kwa kirefu habari za unga uliouzwa na maneno ya mzee, ambayo bila shaka yaliwauma, lakini mimi naona kwamba yote mawili yanafuata kutoka kwenye ule ugali ulioachwa ukapoa. Kandokando ya Ziwa Victoria, iwe Usukumani, Ukerewe, Ukara au kwa Wajita na Wajaluo wa upande wa Mara, mtu anayekataa chakula cha mwenyeji bila sababu inayoeleweka huonekana ama anamshuku aliyempikia, ama anamdharau. Kwamba boti ilikuwa inaondoka ni kweli, lakini wenyeji wanajua kwamba mgeni mwenye nia ya kula hupanga safari yake akijua kwamba atakula. Ninyi mlipanga muda wa nyimbo, wa mahubiri, wa kugawa na wa picha, na katika ratiba hiyo hapakuwa na nafasi ya kupokea kitu chochote kutoka kwao.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Huruma inayovuka mipaka ya kabila na dini haiwezi kusimama ikiwa upande mmoja ndio unaotoa daima na upande mwingine ndio unaopokea daima. Anayepokea tu, mwaka baada ya mwaka, hawi jirani yako. Anakuwa mteja wako, na anaweza kukupigia makofi kama anavyompigia mgombea aliyeleta khanga, bila kuamini neno hata moja unalosema. Yule mzee aliliona hilo upesi kuliko sisi tunaofundisha mambo haya darasani.

Maandiko yanalisema jambo hili kwa namna ambayo mahubiri yetu mengi yanaipita juu juu. Tazama Luka 10. Bwana anawatuma wale sabini bila mfuko wala mkoba, na anawaagiza wakae katika nyumba watakayokaribishwa na kula watakachowekewa. Maana yake wanaingia kijijini wakiwa wahitaji, na mtu wa kwanza kuonyesha ukarimu ni mwenyeji. Eliya naye hakupelekwa Sarepta, nchi ya watu wasiomwabudu Mungu wa Israeli, akiwa na mzigo wa chakula cha njaa. Alipelekwa akalishwe na mjane maskini, na muujiza wa unga na mafuta ulikuja baada ya mama huyo kutoa alichokuwa nacho. Kwa yule mwanamke Msamaria wa Yohana 4 mazungumzo yanaanza na Bwana kuomba: "Nipe maji ninywe." Myahudi anaomba kinywaji kutoka kwenye chombo cha Msamaria, jambo ambalo mwanamke mwenyewe analishangaa, na mafundisho yote makuu ya sura hiyo yanafuata baada ya ombi hilo.

Hata mfano wa Msamaria mwema tunausoma kwa kujipendelea. Kila usharika unaoanzisha kikundi cha huduma unajiona ndio Msamaria, na watu wa mwaloni ndio yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Lakini aliyeuliza swali alikuwa mwanasheria Myahudi, na katika hadithi aliyopewa Wayahudi wenzake wenye heshima wanapita kando, naye mwenye huruma ni mtu wa kabila lililodharauliwa na wa ibada iliyoonekana potofu. Mahali pekee palipobaki kwa mwanasheria yule kujiweka bila aibu ni pale chini, barabarani, akihudumiwa na mtu ambaye asingekubali kula naye. Kwa hiyo, Mama, unapousoma mfano huo katika kikao chenu, jaribuni mara moja kuusoma mkijiweka katika nafasi ya majeruhi, na wanawake wa mwaloni katika nafasi ya Msamaria.

Kwa watu wa Ukerewe hilo halihitaji kubuniwa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, na waliowahi kufika kuwaokoa waliosalia ni wavuvi na wakazi wa hapo kwa mitumbwi yao, kabla ya wataalamu kuwasili. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali wapi. Watu hao, ambao walishawavuta wageni kutoka majini kwa mikono yao, mliwaendea kana kwamba hawajawahi kumhurumia mtu. Najua hamkukusudia hivyo, ila ratiba yenu ndivyo ilivyosema.

Swali lako la pili, la kama muendelee, linajibiwa kwa neno moja: endeleeni. Wako watakaokwambia kwamba kila jamii ihudumie watu wake, na kwamba msaada kwa watu wa dini nyingine huleta shari. Ushauri huo una sura ya busara, lakini Walawi 19 inamwamuru Mwisraeli ampende mgeni kama nafsi yake, na kanisa lenyewe lilipata mashemasi wake wa kwanza kwa sababu ya malalamiko ya watu wa utamaduni mwingine. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwahutubia wavumilie, wala hawakutuma Mwebrania mwadilifu zaidi kusimamia; walichaguliwa watu saba, na majina yao yote, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Inaelekea kwamba waliolalamika ndio walikabidhiwa meza. Kama mngekuwa na jambo moja tu la kuiga kutoka katika kanisa la kwanza, ningechagua hilo: orodha ya nani anahitaji nini, na funguo za mahali vitu vinapowekwa, viwe mikononi mwa watu wa mwaloni wenyewe, wakiwemo wasio wa imani yenu.

Namna ya kuingia ni jambo linalotaka uangalifu zaidi ya vitu mnavyobeba. Mwezi Desemba 1877 wamisionari wawili wa CMS, shirika la misioni la Kianglikana la Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa hapohapo Ukerewe. Walikuwa wamefanya biashara ya chombo cha majini na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro, na ugomvi ulipozuka kati ya Songoro na mtawala wa kisiwa, Lukonge, wao walijikuta upande wa Songoro, wakafa pamoja naye. Sisemi kwamba walifanya vibaya kumtetea mtu aliyekuwa hatarini. Hilo lenyewe ni tendo la huruma. Ninachosema ni kwamba mgeni anayeingia kwa mlango mmoja hubeba ugomvi wa mwenye mlango huo bila kujua. Katika mwalo wa leo milango ni mingi: kuna mwenyekiti wa kitongoji, uongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni, matajiri wenye mitumbwi na injini, imamu, wachungaji wa makanisa madogo ya mabati, na wapo wanawake wazee ambao hawana cheo lakini wakikunja uso hakuna linalofanyika. Barua yako inaonyesha kwamba mlipokelewa na tajiri mmoja aliyewapa nafasi ya kukutania. Ulizeni, kwa upole na bila kupeleleza, wanawake wale wanamdai nini tajiri huyo au yeye anawadai nini. Inawezekana sana kwamba uchangamfu uliokosekana haukuwa juu yenu.

Kisha kuna saa na majira. Mlikwenda wakati wa masika, mchana, mkawaita wanawake waache vichanja vya kuanikia dagaa. Dagaa akiwa juani anahitaji kugeuzwa, na wingu likitokea anahitaji kuondolewa mara moja, kwa sababu dagaa aliyenyeshewa hushuka bei hadi kuwa chakula cha kuku. Saa mbili za nyimbo na mahubiri katika msimu huo zinaweza kuwa zimemgharimu mama mmoja zaidi ya thamani ya sabuni mliyompa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawavutwi vizuri na mwanga, na kambi nyingi hupumzika. Nendeni siku za mbalamwezi. Mtawakuta wanaume wameamka, wanawake wana nafasi, na hakuna anayekutazama huku macho yake yako kwenye mawingu.

Kuhusu unga uliouzwa, nakuomba usihuzunike, na zaidi ya hapo usimruhusu mtu yeyote katika kikundi kuwahubiria watu wale habari za kutokuwa na shukrani. Ukerewe ni nchi ya muhogo. Mama anayeuza unga wa mahindi ambao nyumba yake haiupendi, akanunua chumvi, mafuta ya taa au daftari la mtoto, ametumia zawadi yenu kwa akili. Kilichoonekana hapo ni kwamba hakuna aliyeulizwa. Bartimayo alikuwa kipofu, na kila mtu Yeriko alijua shida yake, lakini Bwana alimuuliza kwanza, "Wataka nikufanyie nini?"

Nguo za mitumba na picha sitazizungumzia sana. Nguo ambayo usingempa dada yako usiivushe ziwani. Na picha za watu wakipokea msaada, zilizotumwa kwenye makundi ya simu ya usharika, ziondolewe. Mbali na Mathayo 6, inayotuagiza tutoe sadaka kwa siri, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu si mali ya kamati yenu.

Sasa nije kwenye swali ambalo nahisi ndilo lililokusumbua zaidi: je, muache kuhubiri? Hapana, lakini tenganisheni kuhubiri na kugawa, na mtenganishe kiasi cha kwamba hata mtoto aone. Mtu akisikiliza mahubiri akijua kwamba unga uko nyuma ya mhubiri, hamtajua kamwe alisikiliza nini, na yeye mwenyewe atabaki na shaka kama imani yake ilinunuliwa. Wale wakoma kumi wa Luka 17 walitakasika wote. Mmoja ndiye aliyerudi kumtukuza Mungu, naye alikuwa Msamaria, na Bwana aliuliza kwa uchungu wako wapi wale tisa; ila hakuwarudishia ukoma wao. Huduma yenu ikiweza kuwaponya tisa wasiorudi na bado ikaendelea, hapo mtakuwa na haki ya kueleza habari za Yesu kwa yeyote atakayewauliza kwa nini mnafanya hivyo. Nao watauliza. Waislamu wa mwambao wetu hawaoni aibu kuzungumza habari za Mungu; wanaoona aibu mara nyingi ni sisi, au tukizidi ni kuwazungumzia bila kuwasikiliza.

Kwa majirani hao Waislamu yapo mambo madogo yanayobeba uzito mkubwa. Msipeleke chakula mchana wa Ramadhani. Mkitaka kula nyama pamoja nao, pelekeni mbuzi akiwa hai, mkamwombe Mwislamu wa pale achinje. Wapo Wakristo wanaoliona hilo kuwa kushindwa, na mwaka 2013 ugomvi wa nani achinje uliongezeka huko Buseresere, Geita, hadi mchungaji mmoja akauawa. Damu hiyo isisahaulike, na walioimwaga hawana udhuru; lakini Paulo katika 1 Wakorintho anatufundisha kwamba uhuru wa kula si kitu cha kudaiwa mbele ya dhamiri ya mwingine. Mimi kwangu, kumwachia jirani kisu ni gharama ndogo kwa meza moja. Kukitokea msiba, nendeni hata kama hakuna aliyewaalika, kaeni mkekani na wanawake, choteni maji, toeni rambirambi kimya kimya kwa aliyekaa na daftari, na msiombe nafasi ya kutoa neno.

Swali la mila ni gumu zaidi, na hapa sitaki unisome vibaya. Kuheshimu desturi za watu si kuzibariki zote. Kuna mfano mwema karibu nasi: pale Bujora, Kisesa, Padre David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu, nyimbo na ngoma za Wasukuma, kanisa la parokia likajengwa kwa kufuata sura ya nyumba ya mtemi, na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo ikaungana na mashindano ya ngoma ya Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ngoma, hushindana hadi leo. Sisi Waprotestanti wa Kanda ya Ziwa tumezoea kuitazama Bujora kwa wasiwasi, hasa kwa sababu ya dawa za ngoma, na wasiwasi huo si wa bure. Hata hivyo naamini kwamba alianza mahali sahihi: alijifunza kabla ya kufundisha, naye akawa mgeni wa watu kabla ya kuwa padre wao.

Lakini kanda hiihii imeua akina mama wazee kwa kuwaita wachawi, mara nyingi kwa ushahidi wa macho mekundu tu, ambayo ni matunda ya miaka mingi ya kupika kwenye moshi wa kuni na samadi. Kanda hii imewawinda na kuwakata viungo watu wenye ualbino. Mbele ya hayo hakuna adabu ya mgeni inayomfunga Mkristo mdomo. Tofauti iko katika namna ya kusema. Mkifika mara moja kwa mwaka na kipaza sauti kukemea ushirikina, mtakuwa mmewachongea wale wazee zaidi ya kuwalinda, kwa sababu mtaondoka jioni na wao watabaki. Mkiwa mmekwisha kula katika nyumba zao, mtaweza kukaa na wanaume wazee na kuuliza jina la bibi aliyefukuzwa, na jina lina nguvu kuliko hotuba. Na mnaweza kufanya mambo yasiyo na kelele: kumsaidia bibi kupata jiko banifu ili moshi upungue, kumpatia mama mwenye ualbino anayeanika dagaa juani kofia pana, shati la mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi, na nauli ya kufika hospitali ya Bugando, Mwanza, mapema anapoona kidonda kisichopona, maana saratani ya ngozi inawamaliza watu hawa polepole bila kuandikwa magazetini. Haya nayo myafanye baada ya kuwauliza wenyewe.

Lugha isiwashinde. Kiswahili kitawatosha kwa vijana na wafanyabiashara, lakini wazee wengi husema mambo ya moyoni kwa Kikerewe, Kikara au Kijita. Mchagueni mkalimani mwanamke mtu mzima, asiye mke wala mdeni wa tajiri wa mwalo, na mumwache amalize sentensi.

Zimebaki fedha za Krismasi. Msinunue kitu. Kwanza watu wachache kati yenu, watatu au wanne, wavuke siku za mbalamwezi wakiwa na mizigo yao binafsi tu, wamtembelee yule bibi na kumwomba radhi kwa chakula kilichoachwa, walale huko usiku mmoja, na wale watakachopewa. Mwenye tumbo dhaifu anywe chai iliyochemka na aonje ugali kidogo. Hakuna atakayepima matonge yake. Wasiahidi lolote. Wakiulizwa wamekuja na nini, waseme wamekuja kuwasalimu. Safari ya pili ndipo mkae na wanawake wa vichanja na uongozi wa mwalo, mkahesabu mbele yao kiasi kilichopo, bila kuficha, na muwaulize wangekitumiaje. Jibu laweza kuwa turubai za kufunikia dagaa mvua ikija, au mfuko wa kukopeshana, au paa la darasa ambalo watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wanasoma pamoja. Laweza pia kuwa jambo ambalo kikundi chenu hakitalipenda, na hapo mtalazimika kujadiliana nao kama watu wazima, na hata kukataa, kwa kuwa mgeni anayekubali kila kitu naye haaminiki.

Kamati ya usharika itakuuliza kwa nini Krismasi imefika na ripoti haina picha wala idadi ya waliohudumiwa. Wapelekee mukhtasari wa kikao cha mwaloni wenye saini za wenyeji, pamoja na fedha zote zikiwa bado benki. Na kama mwenyekiti wa kamati hataridhika, mtafutieni nafasi katika boti ya safari ya tatu, ila mwambieni mapema kwamba watakula huko.